Kutu ya Behewa la Kumi na Mbili

Jumamosi, 7 Juni

Leo Baba Mkwe katangaza vita. Yeye kaiita zawadi.

Tulikuwa kwenye chumba chake cha nyuma, kile ambacho watu wengine wangeweka kitanda cha mgeni. Yeye kaweka meza ndefu, na juu ya meza yadi nzima ya reli: njia saba, mnara wa maji, kibanda cha mlinzi chenye mlinzi asiyesinzia (ni wa plastiki), na garimoshi la mizigo. Meza yenyewe haijagusa ukuta. Imeachwa hatua moja nzima upande wa nyuma, mtu mwembamba apite. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini anapoteza nafasi hivyo. Labda unyevu.

Alikuwa mkaguzi wa mabehewa miaka thelathini na sita. Alipostaafu, wenzake walipewa saa za ukutani wakaenda kulala. Yeye alirudi nyumbani akaijenga kazi yake upya, ndogo mara themanini na saba, akaendelea kuifanya.

Sasa magoti yamegoma. Waya hukatika chini ya meza, naye hawezi kuzifuata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, na mimi siinami tena, huu mwaka wa tatu. Kwa hiyo ufunguo wa chumba utapewa mkwe mmoja kati ya wawili. Huyo atakuja kila Jumapili, atashika waya, ataendesha garimoshi, atakaa na mzee.

Wakwe wenyewe ni hawa. Mimi, karani wa masijala kwenye idara ya maji, mume wa binti mkubwa. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, fundi wa meno bandia. Mimi nina miaka ishirini na miwili katika ukoo huu. Yeye kumi na mitatu. Yeye huitwa "mwanangu". Mimi huitwa "Karani". Karani, sogeza kiti. Karani, kwenu mvua imenyesha? Siku ya harusi yangu aliniita Karani mbele ya mpiga picha, na ukiitazama ile picha utaona.

Ndiyo maana nautaka ufunguo. Waya sizijui, garimoshi silipendi kihivyo. Nataka tu Jumapili moja nami niitwe kama anavyoitwa yule mchonga magego.

Sharti: garimoshi lina mabehewa kumi na moja. Kila mkwe kapewa behewa jipya la plastiki, rangi ya tofali, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Tulizeeshe kwa rangi. Kutu, vumbi, masizi. Jumapili ya tarehe 15 tulete. Litakalomsahaulisha mzee kwamba ni la mezani, hilo ndilo litakalokuwa la kumi na mbili, na mwenyewe atabeba ufunguo.

Mwanyumba akatabasamu kwa meno yote. Ni ya kwake ya asili. Nimekwisha kuyachunguza.

Jumapili, 8 Juni

Nimeamka na akili.

Wajinga hupaka rangi ili kuigiza uzee. Mimi nitaliachia behewa uzee wenyewe. Jua, maji, vumbi la barabara: vyote vya bure, na hakuna fundi awezaye kushindana navyo. Nimelipandisha juu ya ukuta wa uani, chini ya bomba la tangi linalovuja tangu mwaka juzi. (Mke wangu husema nimekataa kulitengeneza kwa uvivu. Kumbe lilikuwa likisubiri kazi yake.)

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne na hawezi kuona mtu akikosea akanyamaza, aliuliza plastiki inapata kutu lini. Nikamwambia asiingilie mambo ya kiufundi. Akasema sawa, akaendelea kusahihisha madaftari, ila alikuwa akitabasamu peke yake, na hesabu za darasa la nne hazichekeshi kiasi hicho.

Jumatatu, 9 Juni

Saa thelathini na mbili za hali ya hewa. Matokeo: behewa limekuwa safi zaidi. Bomba limeliosha.

Isipokuwa paa. Ndege alipita. Alama aliyoiacha, ukiikuza mara themanini na saba, ni ya ndege mwenye ukubwa wa nyumba yetu.

Sikukata tamaa. Kazini nikakumbuka kwamba nakaa juu ya hazina. Masijala! Mafaili yasiyoguswa tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza! Vumbi laini, la kijivu, lililokomaa. Nikaanza kulikusanya kwa brashi ya kunyolea na kulitia kwenye bahasha, rafu baada ya rafu. Mkuu wa idara akapita, akasimama, akanitazama. Akaniambia kwamba katika miaka yake yote hapa hajawahi kumwona karani akifuta rafu bila kuambiwa. Nikajikohoza kwa unyenyekevu. Akasema basi nimalizie na ghorofa ya chini.

Nimemaliza ghorofa ya chini. Nimepiga chafya mpaka mgongo unauma.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nilipaka gundi nyepesi kwenye behewa na kulinyunyizia vumbi la serikali. Limefanana na panya aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Nimeliosha.

Hapo nikaona heri kuingia kambi ya adui. Nikaenda karakana ya mwanyumba, nikamwambia jino linanisumbua. Nilifikiri atanikalisha kitini, nami macho yatembee. Alinikalisha kweli. Kisha akanijaza kinywa chote ule udongo wa pinki wa kuchukulia vipimo, akaniambia nisifunge wala nisiongee kwa dakika tano.

Behewa lake lilikuwa pale pale mezani, katikati ya safu ya meno. Halikufichwa hata kidogo! Na akaanza kunieleza kila kitu, bila kuulizwa, huku mimi nikidondokwa na mate ya pinki. Kwamba siri ya jino bandia ni kulichafua. Jino jeupe pepe haliaminiki na mtu. Mteja akicheka, watu wanatazama jino, hawamtazami yeye. Kwa hiyo hupaka unjano kidogo kwenye shina, ufa mwembamba kama unywele, doa la chai pale chai inapopita kweli. Si kote, kaka, akasema. Pale tu panapostahili. Kabla ya kuweka doa jiulize: hili lililetwa na nini? Na behewa ni vivyo hivyo. Kutu huanza pale maji yanapotuama, kwenye kona za mlango na chini ya misumari. Pale mkono wa mtu unaposhika kila siku panang'aa. Akanionyesha anavyozimua rangi ya kahawia kwa spiriti mpaka inakuwa kama maji ya kuoshea brashi, akaipitisha mara moja, akaifuta, ikabaki mifukoni mwa misumari tu.

Nikasema "mm." Sikuwa na neno jingine kinywani.

Uongo mtupu. Hakuna mtu anayempa mpinzani siri yake hivihivi. Ni wazi kwamba kanieleza hayo yote ili niyafuate na kupotea. Nitafanya kinyume: madoa kote.

Amesema meno yangu yako salama ila nayasaga usingizini. Mtu mwenye kinyongo, akasema, hujulikana kwa magego. Alicheka. Kisha akanipa kipimo cha kinywa changu kama ukumbusho. Kipo mbele yangu ninapoandika. Kinanikenulia.

Jumatano, 11 Juni

Mtandaoni nimeona njia ya chumvi. Unapaka rangi ya kutu kwanza. Ikikauka unailowesha, unanyunyiza chumvi, unapaka juu yake rangi ya behewa, kisha unaibandua chumvi kwa mswaki. Panapotoka chumvi, kutu inachungulia, kana kwamba rangi imebambuka kwa miaka. Akili ya ajabu. Nikachukua chumvi jikoni.

Chumvi yetu ni ya mawe.

Sikufikiria vipimo. Punje moja ya chumvi ya mawe, kwa behewa la ukubwa huu, ni sawa na sinia. Nilipobandua, behewa halikuwa na kutu, lilikuwa na ndui. Mke wangu alilitazama muda mrefu akauliza kama ni kweli mzigo wake ulikuwa mizinga ya nyuki.

Kisha akataka kujua chumvi iko wapi, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu kupika. Tumekula bila chumvi. Hakuna aliyesema kitu, na kule kutosema kulikuwa na chumvi ya kutosha.

Nimepiga msasa. Nimepaka upya. Naanza sifuri, siku nne zimebaki.

Alhamisi, 12 Juni

NIMEWEZA!

Chaki! Mkoba wa mke wangu una chaki za rangi, nyekundu, kahawia na nyeusi, nzima kabisa. Nikazisaga kwa msasa zikawa unga laini kama poda. Nikachovya brashi kavu na kuusugua unga kwenye kona za milango, chini ya misumari, kando ya magurudumu. (Ndiyo, panapostahili. Ni uamuzi wangu mwenyewe, haumhusu mtu wa meno.) Mungu wangu. Lilikuwa behewa lililokaa njiani miaka arobaini. Nililishika dirishani kwenye mwanga nikasikia haya kidogo, kama mtu aliyejikuta ameandika barua nzuri.

Nilipaswa kuacha hapo.

Lakini unga wa chaki hutoka ukiguswa, na mzee ana vidole vizito. Ikabidi kuufunga kwa vanishi. Nikalipulizia vanishi. Na mbele ya macho yangu kutu yote ikanywewa. Ikatoweka! Kama wageni wanaposikia mwenyeji anatafuta wa kuosha vyombo. Likabaki behewa la rangi ya tofali, tena linang'aa, kwa kuwa vanishi niliyopulizia ni ile ya makabati. Nilikosa subira ya kusoma kopo.

Mke wangu karudi kutoka shuleni kapaza sauti mlangoni. Leo alikuwa afundishe ramani. Milima ilitakiwa iwe ya kahawia. Amefika ubaoni, kafungua mkoba, hana milima.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino. Kipimo cha mwanyumba kimefaa kitu. Nilimwonyesha mkuu wa idara, akakirudisha haraka akanipa siku nzima.

Msasa tena. Rangi tena. Chaki tena (nimenunua zangu, na za milima nimerudisha). Safari hii vanishi isiyong'aa, tabaka jembamba, kisha chaki, kisha vanishi, kisha chaki. Ikashika! Ikabaki michirizi ya kutu, ile inayotiririka kutoka kwenye kila msumari. Hiyo hupakwa kwa brashi ya nywele tatu, ukivuta mstari mwembamba kuelekea chini. Nikavuta mistari hamsini na sita. Nilikuwa nimelilaza behewa juu chini, ili magurudumu yasinizuie.

Nikaligeuza. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Akasema kwa upole kabisa kwamba hajawahi kuiona mvua inayonyesha kutoka chini.

Kutu yote ilikuwa inapanda paani.

Nimefuta michirizi hamsini na sita kwa spiriti. Nimevuta mingine hamsini na sita, behewa likiwa wima, mimi nikiwa nimelala ubavu sakafuni. Saa kumi na moja jioni ikawa tayari, ila mbichi, na wasiwasi wangu haukuweza kungoja. Nikachukua drayeri ya nywele ya mke wangu. Moto wa juu kabisa.

Harufu ndiyo iliyoniambia.

Kile kikasha kidogo kinachokaa mwisho wa ekseli, kinachofunika beringi, gurudumu la nyuma upande wa kushoto: kimelegea, kimelala kama mshumaa. Kimoja tu. Vingine vitatu vizima. Nikakaa sakafuni. Mtu wa miaka hamsini na moja, nimekaa sakafuni, nalilia tone la plastiki.

Hakuna muda wa kuanza upya. Kwa hiyo nimeficha. Nimepaka masizi kwenye kikasha kile, nikaongeza mafuta meusi ya cherehani, tone moja, likachuruzika juu ya gurudumu. Rangi iliyoungua ilikuwa imegeuka kibuluu. Nimeiacha, sina nguvu. Ni doa baya, la kihalifu. Upande mwingine wa behewa, nasema bila kujisifu, ni kazi ya mikono ya mtu aliyeteseka.

Nitaliweka lile doa upande wa ukuta. Nani hutazama nyuma ya garimoshi?

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya diplomasia. Nimempigia mwanyumba simu, nikamwambia kwa nia njema kabisa kwamba mzee siku hizi anapenda vitu vinavyong'aa, na kama nia yake ni kushinda apitishe vanishi ya makabati. Akanishukuru. Akaniuliza jino langu linaendeleaje. Akaniambia kwamba mzee alimuuliza juzi kama Karani anafurahia kazi ya behewa. Bila shaka kwa kejeli.

Nimemwomba mke wangu aseme neno moja kwa babake, kama binti mkubwa. Kakataa. Akasema babake hawezi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na tena si yeye aliyenifanya nihesabu "mwanangu" za watu wengine kwa miaka ishirini na miwili. Nikasema sihesabu. Akataja idadi ya Jumamosi iliyopita, ile niliyomwambia mwenyewe garini. Kumi na nne.

Jumapili, 15 Juni

Naandika haraka kabla sijatulia, maana nikitulia nitajihurumia.

Tulifika saa nne. Mwanyumba kapanga behewa lake. Halikuwa na vanishi ya makabati. Lilikuwa zuri. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna asomaye: zuri, la heshima, kutu mahali pake, mpini wa mlango umeng'arishwa na mikono isiyokuwepo. Mzee aliliinua kwenye mwanga akasema kazi nzuri, mwanangu, kazi safi sana. Kisha akalirudisha. Alikuwa akitazama kitu kizuri kilicho mezani.

Nami nikaweka langu mwisho wa garimoshi, doa likiwa upande wa ukuta. Mzee akatikisa kichwa. Akasema Karani naye kajitahidi. Nikajipa nguvu: bado ufunguo haujatolewa.

Kisha mzee akachukua kijiko cha chai.

Sikuelewa. Akaanza kichwani mwa garimoshi, akitembea polepole, akigonga kila gurudumu kwa kijiko na kutega sikio. Gurudumu kwa gurudumu, upande wa mbele wote. Alipofika mwisho hakusimama. Alizunguka ncha ya meza akaingia kwenye ile nafasi ya hatua moja, nyuma, kwenye ukuta. Ndipo nikaelewa kwa nini ipo. Mkaguzi hupita pande zote mbili.

Akagonga. Akagonga. Akafika kwenye behewa langu, na kijiko kikabaki hewani.

"Zuia garimoshi," akasema.

Garimoshi halikuwa linakwenda. Mwanyumba, aliyekuwa kwenye swichi, akaizima hata hivyo, na mkono wake akauinua juu kama watu wa reli. Mzee akainama. Akainama zaidi. Kisha yule mtu ambaye mwaka wa tatu huu anavalishwa soksi akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji, akasogeza pua karibu na lile doa langu la aibu.

Nilizunguka mbio kumwinua. Akanishika mkono wa shati, akanivuta nami chini.

"Beringi imeungua," akasema. Sauti yake sikuijua. "Tazama mafuta yalivyochemka yakamwagika. Tazama chuma kilivyobadilika rangi. Nani kalipitisha hili?"

Akanyoosha kiganja akasema chaki, bila kumtazama mtu. Mke wangu akafungua mkoba wake akampa. Akachora msalaba mweupe ubavuni mwa behewa, mkubwa, ukafunika milango miwili na michirizi yangu ishirini na nane.

"Mwanangu," akasema, "hili lisitoke. Likitoka litaua mtu."

Nikageuka kuona mwanyumba yuko wapi. Alikuwa upande wa pili wa meza, mbali, mkono bado juu. Na mimi nilichokiona ni msalaba tu. Siku nane za kazi, zimechorwa kama daftari la mtoto aliyefeli, mbele ya ukoo mzima. Damu ikanipanda.

"Baba," nikasema, "hiyo ni plastiki tu. Iliyeyuka kwa drayeri ya mwanao."

Mzee akalitazama behewa. Akaitazama chaki mkononi mwake. Kisha akayatazama magoti yake, kama mtu anayeamka kwenye chumba cha watu wengine.

"Kumbe," akasema. "Kweli. Ni la mezani."

Akaomba ainuliwe. Ilitubidi watu watatu. Akajifuta vumbi, akatoa ufunguo mfukoni, akampa mwanyumba. Akaniambia nisogeze kiti, Karani.

Mke wangu alingoja mpaka tulipofika mlangoni kwetu. Kisha akasema yote. Kwamba sharti lilikuwa kumsahaulisha mzee, na alisahau, alisahau mpaka magoti. Kwamba nilikuwa nimeshinda, kwa dakika nzima nilikuwa nimeshinda, halafu nikafungua kinywa nikajishinda mwenyewe. Na kwamba kuna jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Katika mwaka wake wa tatu kazini, babake alikuta behewa lenye beringi iliyoungua, akalichora msalaba. Garimoshi lilikuwa limechelewa. Mtu akaufuta msalaba kwa kitambaa ili litoke kwa wakati. Ekseli ikakatika njiani. Mtu wa breki aliyekuwa nyuma akafa; alikuwa rafiki wa babake, aliyekula naye asubuhi ile.

Nikauliza nani aliyefuta.

Karani wa yadi, akasema.

Basi! Miaka ishirini na miwili nimelipia kosa la karani mwingine! Hata simjui! Nikamwambia mke wangu huo ni upendeleo wa wazi. Nikamwambia pia kuhusu lile "mwanangu" la sakafuni, kwamba ni ulimi wa kizee tu, uliteleza. Akanitazama kwa namna ambayo nadhani huwatazama wale wa nyuma ya darasa. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda kulala na taa ikiwaka upande wangu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka na akili safi kabisa.

Nimeligundua kosa. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kile kikasha cha beringi. Kila kitu kingine kilikuwa kamili, ila doa moja lilimchanganya mzee. Kabla ya kwenda kazini nimekata kikasha kilichoyeyuka, nimechonga kipya kutoka kwenye kifuniko cha kalamu, nimekibandika kwa gundi, nimekipaka. Masizi nimeyatoa. Mafuta nimeyafuta. Kile kibuluu nimekipiga msasa. Msalaba nao nimeufuta kwa kitambaa chenye maji, ukatoka mara moja, hata haukuacha alama.

Adhuhuri mke wangu kapiga simu kutoka shuleni. Babake kampigia tangu asubuhi. Hakulala vizuri. Anaulizia lile behewa bovu liko wapi. Anataka likae yadini kwake, kwenye njia ya pembeni wanakosimama mabehewa yaliyozuiwa, pamoja na msalaba wake, alitazame. Hataki mwanyumba alilete. Alisema, na mke wangu akarudia neno kwa neno, polepole, kana kwamba ananisomea imla: "Mwambie mwanangu alilete mwenyewe."

Akaniuliza nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza kama behewa liko vilevile lilivyokuwa. Nikamwambia atulie, nina habari njema, atazijua jioni.

Ona bahati ilivyo! Mzee anataka kulitazama upya, na mimi nimekwisha kulitengeneza. Liko hapa mezani, zima, magurudumu manne, vikasha vinne, halina doa wala alama. Nimelipulizia na vanishi kidogo, lisafiri salama. (Ile ya makabati. Ndiyo iliyobaki.)

Kesho nampelekea. Aligonge kwa kijiko chake, pande zote mbili. Ataona mwenyewe kwamba lingeweza kutoka kwa wakati.